Chungu cha Tunsume

Jumamosi ndiyo siku waliyosema watakuja kumchukua Loisi, na mimi tangu Jumatatu nilikuwa na neno langu tayari. Mwanangu Timotheo, baba yake Loisi, alinipigia simu kutoka Vwawa akasema, "Mama, mimi nimeshindwa. Mtoto yuko kwako, na wewe ndiye uliyemfunda. Utakalosema mbele ya wakwe ndilo litakalokuwa." Nikamwambia asihangaike. Neno langu lilikuwa lile lile la siku zote. Tunsume alisubiri.

Tunsume ni mwanamke wa kwenye kitabu. Kitabu chenyewe kinaitwa Tunsume wa Kivukoni, cha zamani sana, watu walikisoma mashuleni kabla ya Timotheo kuzaliwa. Mume wa Tunsume anakwenda kufanya kazi ya reli, anakaa miaka saba hana barua wala salamu. Tunsume anabaki ng'ambo ya huku ya mto na mtoto wake na chungu chake, anasubiri. Siku mume anarudi, anampa maji ya kunawa na hamuulizi swali hata moja. Hapo kitabu kinaisha.

Nilisomewa na marehemu mume wangu, Fanueli. Yeye alikuwa mkalimani wa kanisa pale Mbozi Mission. Mhubiri mgeni akisimama na Kiswahili chake cha mjini, Fanueli anasimama pembeni anakigeuza kuwa Kinyiha, na kuna wazee waliosema mahubiri yalikuwa matamu zaidi upande wa Fanueli. Kitabu nacho alinisomea hivyo hivyo. Macho yanasoma Kiswahili, mdomo unasema Kinyiha, maana mimi wakati huo Kiswahili changu kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Nilikuwa nachambua kahawa kwenye kichanja, natoa mbovu, yeye amekaa kwenye gunia anasoma. Ilichukua mwezi mzima. Ulikuwa mwaka ule aliporudi kutoka migodini Zambia baada ya kupotea miaka minne.

Tangu hapo kila binti wa kanisa letu aliyeolewa nilimsimulia Tunsume. Loisi nilimsimulia mwenyewe, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu, usiku wa kuamkia harusi. Akaolewa Itaka, kwa Sebastian mtoto wa Roda. Mwaka haujaisha, Sebastian akavuka mpaka kwenda Kitwe kutafuta maisha, na sasa ni miaka mitatu. Salamu alituma mara mbili, zote kwa mdomo wa dereva wa lori, na wale madereva hawakufanana hata kwa kusimulia alivyonenepa. Loisi akabaki anapalilia kahawa ya mama mkwe.

Mwezi wa nne akafika kwangu hapa Tunduma na mfuko mmoja. Akapiga goti, akanisalimu, akasema, "Bibi, nimechoka kumsubiri mtu nisiyejua kama anajua nasubiri."

Nilimtazama viatu. Mtoto wa kike hatoki Itaka na mfuko mmoja bila kuwapo mtu anayemngoja stendi, hivyo ndivyo nilivyofikiri, na wiki mbili nzima nilisikiliza simu zake kupitia ukuta. Hapakuwa na mwanamume. Alikuwa akiongea na Faudhia, jirani yangu mshona nguo, ambaye yuko nyumba ya tatu, na sikuelewa kwa nini watu wanaoonana kila siku waongee kwenye simu. Baadaye nikajua. Faudhia alikuwa amenunua cherehani ya pili na hakuwa na wa kuikalia.

Basi nikawa nawaona wote walivyo. Roda anamtaka Loisi kwa sababu kahawa inaiva. Faudhia anamtaka kwa sababu ya cherehani. Kila mtu alikuwa akimpenda Loisi kuanzia mabegani kuja mikononi.

Jumanne Loisi akaja na uso laini. "Bibi, unajua kuna filamu ya Tunsume?"

"Filamu ya Tunsume gani?"

"Huyo huyo wako. Faudhia ameipata kwenye flashi kutoka banda la video. Twende ukaone."

Miaka hamsini Tunsume amekuwa wangu peke yangu, halafu anatokea kwenye flashi wiki hiyo hiyo ya wakwe. Nikachukua kitenge changu, nikaenda. Nilienda kama mtu anayekwenda kukagua duka.

Filamu ile waliitengeneza Wazambia. Inaonekana kitabu kiligeuzwa Kiingereza na wao huko wakakisoma. Wanaongea Kiingereza na Kibemba, na juu yake kijana mmoja wa hapa Tunduma amepachika sauti yake ya kutafsiri. Huyo kijana ana mdomo. Tunsume akichota maji yeye anasema, "Dada wa watu anajaza simtanki." Mume akipanda treni anasema, "Huyo ametoka, kama beki wetu jana." Faudhia anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa namtazama Tunsume mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa kawaida, ana miguu ya mtu anayelima, hajui kulia vizuri, lakini ndoo kichwani aliijua.

Halafu mwishoni, nikaona kwa macho yangu. Tunsume akaosha chungu. Akakiweka jikoni kifudifudi, tako juu. Akafunga mzigo, akambeba mtoto, akaingia kwenye mtumbwi akavuka mto, na hakugeuka. Mume akarudi akakuta chungu. Akakaa chini mbele yake.

"Si hivyo," nikasema.

Faudhia akazima. "Si hivyo nini, bibi?"

"Hapo wamebadilisha. Tunsume haondoki."

Faudhia na Loisi wakatazamana, na mimi nikakamata ule mtazamo. Nikawaambia kwamba wameniletea filamu iliyokatwa. Yule kijana wa kutafsiri anaweza kutia lolote.

"Bibi, yeye anatia maneno," Loisi akasema taratibu. "Mtumbwi si maneno. Umeuona."

"Na Wazambia je? Wao wanaweza kutia mtumbwi."

"Basi subiri kesho," Faudhia akasema. "Kuna tamthilia yake pia, ya hapa kwetu, ya Dar es Salaam. Wanairudia kwenye king'amuzi mchana. Kesho ni sehemu ya mwisho. Hao hawakukaa na Wazambia wakapanga."

Hiyo ya Jumatano nayo nilikwenda kuitazama kwa jicho la pembeni, na haikunichukua muda kuikataa. Tunsume wa tamthilia ana kucha ndefu nyekundu na nywele za kununua. Nyumba ya kivukoni ina vigae. Wamemwongezea wifi mbaya asiyekuwepo popote, na huyo wifi ana gari. Mvua inanyesha kila mtu akitaka kulia. Kulia analia vizuri, siwezi kumnyima, machozi yanashuka moja moja kama ameyapanga. Lakini ukimpa jembe atauliza linashikwa wapi. Yule wa Wazambia alikuwa bora, hata na kelele za kijana wetu juu yake.

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kiatu changu mlangoni. Ndipo Tunsume wa kucha nyekundu akaingia jikoni, jiko la gesi, akachukua chungu cha udongo ambacho sikujua kilikuwa kinafanya nini kwenye jiko la gesi. Akakiosha. Akakigeuza kifudifudi. Akatoka na mtoto, akapanda pantoni, akavuka.

Nikakaa tena chini.

Nimekaa baraza la kanisa miaka kumi na miwili nikisikiliza kesi za ndoa. Mashahidi wawili wakija pamoja wakasema kitu kimoja, huwa nauliza walikula wapi jana. Lakini mashahidi wawili wasiojuana, mmoja Mzambia na mmoja wa Dar es Salaam, kila mmoja mwongo kwa njia yake, huyu anaongeza wifi na yule anaongeza mpira, halafu wote wanasema chungu kiligeuzwa na mwanamke akavuka. Hapo huwaulizi tena wao. Unageuka kumwangalia wa tatu.

Na wa tatu alikuwa Fanueli.

Maana chungu kile mimi nilikuwa nakijua. Kwa Fanueli nacho kilikuwepo. Alinisomea kwamba Tunsume alikiosha chungu akakigeuza kifudifudi, nami nikasimama na kahawa mkononi nikamuuliza, "Kwa nini akigeuze? Kwetu chungu kinageuzwa hivyo nyumba ikihamwa." Fanueli akatazama kitabu kidogo, akasema, "Mijusi. Hakutaka mijusi iingie." Nikasema sawa. Miaka hamsini nimewasimulia maharusi habari ya mijusi.

"Faudhia," nikasema, "wewe umesoma. Kitabu chenyewe kinasemaje?"

Akawa anakunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa. "Tulikisoma kidato cha tatu, bibi. Anavuka."

"Na siku zote ulinisikia nikisimulia kwenye shughuli. Hukusema."

"Nilidhani mnakirekebisha kwa ajili ya bibi harusi. Wenzangu wote walidhani hivyo. Nani angeinuka kukukosoa?"

Alhamisi asubuhi nikamtuma Loisi sokoni kununua vitu ambavyo havikuwa na haraka. Nikaburuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Kitabu kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwenye gazeti, kinanuka dawa ya nondo. Sikuwahi kukifungua. Kwa nini nikifungue? Nilikuwa nacho kichwani chote. Kusoma nilijifunza baadaye, kwenye masomo ya watu wazima, nikaongeza juu ya yale madarasa matatu ya utotoni, nikawa nasoma Biblia na barua za wanangu.

Nikakaa mlangoni kwenye mwanga. Nikaanzia sura ya mwisho, kidole chini ya kila neno.

Kabla ya maneno niliona alama. Msalaba mdogo wa penseli, pembeni mwa mstari. Kisha mwingine, na mwingine. Hiyo misalaba niliijua kama ninavyojua sauti ya kikohozi chake. Mhubiri mgeni alikuwa akimpa Fanueli mahubiri yake Jumamosi yakiwa yameandikwa, na Fanueli anapita na penseli. Penye neno la kuwaudhi wazee, msalaba. Penye mzaha usiofaa kanisani, msalaba. Jumapili akifika penye msalaba, anaruka, au anatia la kwake, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi niliyemchongea penseli.

Sura zote za nyuma nilizifungua haraka haraka. Safi. Hakuna msalaba hata mmoja. Yote ilikuwa kwenye sura ya mwisho, na palipoandikwa kwamba Tunsume alivuka, Fanueli hakuweka mmoja. Aliweka mitatu, na penseli ilikuwa imetoboa karatasi.

Nilisoma kurasa zile tisa mpaka jua likahama mlangoni. Hakukuwa na maji ya kunawa. Hakukuwa na mijusi.

Sasa nitasema jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Mwaka ule Fanueli aliporudi kutoka Zambia, mimi nilikuwa nimefunga mzigo. Kanga mbili, sufuria, nguo za Timotheo. Niliuficha nyuma ya magunia ya kahawa, nikisubiri mavuno yaishe nirudi kwa mama yangu. Sikugombana naye, sikumuuliza alikuwa wapi na nani. Nilikuwa nampikia, nachambua kahawa, na mzigo wangu uko pale. Nilijua hajui. Nilikuwa na uhakika hajui.

Alikuwa akikaa kwenye magunia yale yale kunisomea.

Siku alipomaliza kitabu, Tunsume alipompa mumewe maji ya kunawa, mimi nilienda nyuma nikafungua mzigo, nikairudisha sufuria jikoni. Nikajiona nimeamua mwenyewe. Nikawa mwanamke mvumilivu, kanisa zima likanijua hivyo, wakaniweka kwenye baraza.

Nikakaa na kitabu mapajani. Sikulia. Nilikuwa nahesabu tu mambo mengine aliyonisomea mtu yule. Barua za kutoka Zambia, zilizokuja baada yake, kwa mwandiko wa mviringo, ambazo alisema ni za msimamizi wa mgodi. Barua moja ya kaka yake, niliyoisikia kwa mdomo wake tu. Na kwa nini kila siku alikalia magunia yale yale.

Loisi akarudi na vitunguu. Akaona kitabu, akaona uso wangu, akaingia ndani bila kusema. Mtoto huyo anajua kunyamaza. Hata hilo nililitilia shaka.

Jumamosi wakaja mapema, kwa basi la kwanza. Roda amevaa kitenge kipya, na kaka yake Osea nyuma yake amebeba kuku. Timotheo alikuwa amefika kutoka Vwawa. Tukaketi sebuleni, Loisi kwenye mkeka karibu na mlango. Salamu zilikuwa ndefu. Roda aliuliza hata habari za mbuzi niliyemuuza mwaka juzi.

Kisha Osea akakohoa. "Mama, sisi hatukuja kwa ugomvi. Tumekuja kumchukua mtoto wetu. Sebastian yupo, ni mzima, anatafuta. Mwanamke anakaa kwake."

"Kitwe sehemu gani?" nikauliza.

"Huko huko Kitwe."

"Kwa nani?"

Osea akamtazama dada yake. Roda akasema, "Mama, wewe ndiye unayejua mambo haya kuliko sisi. Wewe ndiye uliyetufundisha habari za yule Tunsume. Mimi mwenyewe Sebastian alipoaga alikuwa na wasiwasi, nikamwambia, nenda mwanangu, mke wako amefundwa na bibi yake, huyo atasubiri."

Timotheo akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa anaona mambo yanakwenda vizuri.

"Ulimwambia hivyo?" nikasema.

"Nilimwambia. Akaenda na moyo mweupe."

Nikainuka, nikachukua kitabu kabatini. "Basi na mimi neno langu ni hilo la Tunsume. Ila leo nitalisoma. Nyinyi mna haraka?"

Hawakuwa na haraka. Wangesemaje wana haraka? Nikavaa miwani, nikaweka kidole, nikasoma. Nasoma polepole, na neno refu huwa naliingia mara mbili. Hakuna aliyenisaidia. Kuku wa Osea alilia mara moja tu. Nilipofika penye misalaba mitatu sikuruka. Nikasoma kwamba aliosha chungu, akakigeuza kifudifudi, akamfunga mtoto mgongoni, akavuka, na kwamba hakugeuka.

Nikafunga kitabu. Timotheo alikuwa ameinamisha macho chini.

"Hiyo siyo ile," Roda akasema.

"Siyo."

"Ile ulituambia anampa maji."

"Ile ilikuwa ya marehemu Fanueli. Hii ndiyo ya kitabu."

Roda akanyoosha mkono. "Lete nione." Alikuwa ananishuku, na sikumlaumu, ningefanya vile vile. Akapekua, akaangalia jalada, akaangalia kama karatasi zimebandikwa upya. Akasoma mwenyewe, midomo inacheza. Akaweka ukucha pembeni ya mstari. "Na hii misalaba?"

"Ni mahali alipokuwa akiruka."

Osea akasema jambo kuhusu basi la saa tano.

"Neno langu nimelitoa," nikasema. "Siwezi kumtuma mtoto kwa hadithi ambayo haikuwepo. Akitaka kwenda, aende kwa hiari yake. Loisi, wewe unasemaje?"

Loisi alikuwa akichezea uzi wa mkeka. "Mimi nilishasema, bibi. Chungu changu kiko Itaka. Nilipoondoka nilikiacha kifudifudi."

Hapo nikamgeukia. "Ulikuwa umeiona hiyo filamu kabla hujaja?"

"Chungu ni chungu, bibi," akasema, na hakuniambia ndiyo wala hapana. Mpaka leo hajaniambia.

Roda alikuwa bado ameshika kitabu. "Nilikiona hicho chungu," akamwambia Loisi, sauti chini. "Siku ile ile uliyoondoka nilikiona. Osea alikuwepo, akaniuliza mbona kiko hivyo."

"Ukasemaje?" nikauliza.

"Nikakigeuza. Nikamwambia ni kwa sababu ya mijusi."

Timotheo akatoka nje kama mtu aliyesikia simu, na simu haikulia.

Basi la saa tano Osea alilipanda peke yake. Kuku alituachia, aliona aibu kurudi naye. Roda alisema kichwa kinamuuma, atafuata la saa nane. Akaniuliza kama anaweza kuondoka na kitabu, atakirudisha mwezi ujao. Mume wake naye yuko Mbangala kwa mke mdogo mwaka wa sita huu, anatuma salamu, hilo sote tunalijua na hatulisemi.

Sikumpa. Kitabu kikitoka hapa sijui kitarudi na misalaba mingapi. Nikamwambia akisome hapa hapa, aanzie mwanzo, maana na yeye anajua kusoma.

Akatoa kigoda mlangoni kwenye mwanga. Loisi akapita mbele yake na mkasi wake mpya, akaenda kwa Faudhia. Roda hakuinua kichwa. La saa nane nalo lilipita.